Shangazi, huu uyoga unalika?

Mvua zimeshuka na barua zenu zimeshuka nazo, mwezi huu nimepokea nyingi za uyoga kuliko za kitu kingine chochote, wengine mmenitumia na picha mnataka niseme ndiyo au hapana. Kwa picha sitajibu, naomba mnisamehe na mnielewe, picha haina harufu, haina mzizi na haionyeshi kilichobaki ardhini. Ila maswali yenyewe ni mazuri sana na nimechagua machache nijibu kwa kirefu, maana mimi nimekulia Sikonge huko Tabora na msimu wa uyoga kwetu ulikuwa msimu wa kushiba, kwa hiyo jambo hili liko moyoni mwangu.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mafinga, nyumba yetu inapakana kabisa na shamba la misonobari. Mvua zikianza tu chini ya miti panajaa uyoga wa kahawia unaoteleza kama umepakwa maji ya bamia, na chini ya kofia hauna zile kurasa kurasa, una vitundu vidogo vidogo kama sponji ya kuogea. Hapa hakuna anayeula, wazee wanasema hawaujui. Sasa juzi kuna mgeni kaokota, kapika, kala na kesho yake tumemuona mzima. Je na mimi naweza kuwapikia wanangu?

Marahaba mwanangu. Wazee wako wamekujibu vizuri sana, naomba usiwadharau. Wamesema hawaujui, hawakusema ni mbaya, na kuna sababu ya kutoujua. Msonobari si mti wa kwetu, uliletwa, na mti ule haustawi bila aina fulani za ukungu zinazoishi kwenye mizizi yake, ukungu unaupa mti maji na madini na mti unaupa ukungu sukari. Ndiyo maana wakuzaji wa miche walikuwa wanachota udongo chini ya misonobari iliyokomaa wanauchanganya na udongo wa miche mipya. Huo uyoga wa kuteleza ulikuja na mizizi. Kwa hiyo bibi zetu hawakuwahi kurithishwa jina lake wala mapishi yake, na hadi leo tani na tani zinaozea chini ya miti wakati nyumba ya jirani wanakula ugali na chumvi.

Wataalamu wanauita Suillus na nchi nyingi zenye misonobari unaliwa, unakaushwa na kuuzwa. Dalili zake ni hizo ulizozitaja: uko chini ya msonobari tu, kofia ya kahawia au ya njano iliyokolea, ikilowa inateleza, ngozi ya juu inabanduka kama plasta, chini vitundu vya njano, na ukiukata katikati nyama yake ni nyeupe au njano hafifu na haibadiliki kuwa ya bluu. Kuna wenye pete shingoni na kuna usio nayo, ni ndugu hao. Ila sisemi kila uyoga wenye sponji unalika, nasema huo mmoja tu. Ukiona sponji nyekundu, au umekata ukaona bluu inapanda, huo acha hapo hapo.

Na kabla hujapika sikiliza hili la pili, maana ndilo linaloniondolea usingizi. Kwenye misonobari hiyo hiyo ya Tanzania ameshaonekana muuaji mkubwa kuliko wote, Amanita phalloides, naye alikuja na miti ya kigeni. Huyo chini ana kurasa, tena nyeupe, kofia ya kijani iliyochanganyika na njano au iliyopauka karibu nyeupe, shingoni ana kisketi, na chini kabisa shina limekaa ndani ya kifuko kama yai lililopasuka. Kifuko hicho kimefukiwa udongoni. Mtoto akikata uyoga juu juu kwa kisu kifuko kinabaki chini na wewe jikoni huoni kitu. Kwa hiyo sheria ya nyumba yako iwe hii, watoto hawaokoti bila mkubwa, na kila uyoga unachimbuliwa kwa kijiti mpaka mwisho wake uonekane.

Huyo mgeni mtafute, akupeleke msituni akuonyeshe kwa mkono, siku mbili tatu, hadi uweze wewe kumwonyesha yeye. Ukishajua, chukua ule mdogo uliokaza, mkubwa huwa na funza ndani. Bandua ngozi ya juu yote maana inawaendesha tumbo baadhi ya watu, na kama sponji imelegea itoe kwa kidole gumba, inatoka yenyewe. Katakata, kaanga na kitunguu mpaka maji yote yakauke na vipande vianze kushika rangi, halafu mara ya kwanza kula kidogo tu, wewe mtu mzima, watoto wasubiri siku nyingine. Na ubakize mmoja mbichi kwenye karatasi, tumbo likisumbua daktari auone.

Shangazi habari. Niko Dar, shemeji yangu alipita Tabora akaniletea uyoga mkavu mfuko mzima. Nimepika mara mbili, mara zote mchanga tupu unasaga kwenye meno na ladha kama karatasi. Mume wangu kasema nitupe. Nakosea wapi?

Usitupe! Jamani usitupe, leta kwangu. Hapo una kitu kizuri ila hujakifungua bado.

Uyoga mbichi kama asilimia 90 ni maji, kwa hiyo huo mfuko mmoja ulikuwa matenga ya watu, mtu ameamka alfajiri kaingia miombo na umande, karudi na mzigo kichwani, kaanika kwenye mkeka au juu ya paa, na huko ndiko mchanga unakoingia. Dawa yake ni kuutoa uyoga majini, usimwage maji uyoga ukiwa ndani. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, halafu ingiza mikono miwili uuinue taratibu uweke kwenye bakuli lingine, mchanga unabaki chini kwenye beseni la kwanza. Ukimimina kila kitu kwenye chujio unaurudishia mchanga wake juu. Rudia mara tatu, mara ya mwisho pitisha kidole chini ya kofia, kwenye yale mapindo, utasikia kama kuna chembe.

Sasa kupika. Kwetu uyoga mkavu na karanga haviachani. Chukua mikono miwili ya uyoga uliolowa, kata vipande. Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo, weka nyanya mbili, zikiiva weka uyoga na maji ya kufunika, funika chungu uache utokote taratibu nusu saa, usiharakishe, uyoga mkavu ni mgumu na ladha yake inatoka polepole, ndiyo hiyo karatasi unayoisema, umeutoa kabla haujaiva. Pembeni glasi moja ya karanga zilizotwangwa, mbichi au zilizokaangwa kidogo, koroga na maji ziwe kama uji mwepesi, mimina, punguza moto na usiondoke hapo, koroga koroga maana karanga ikishika chini inaharibu chungu kizima. Utaona mwanzo mchuzi mweupe, halafu unakuwa mzito, halafu yanaanza kutokea matone madogo ya mafuta juu pembeni pembeni. Hapo ndipo umeiva. Chumvi mwisho. Bizari usiweke, wala hivi viungo vya pakiti, vinauficha. Ugali wa moto, na mume aitwe.

Kama ule mfuko una vipande vya njano au vyekundu hivi, vyembamba, na chini badala ya kurasa zilizosimama kuna mikunjo inayoteremka hadi kwenye shina, basi una ule ninaoupenda kuliko wote, wataalamu wanauita Cantharellus. Mbichi wake una rangi ya kiini cha yai na harufu ya tunda, kweli ya tunda, ukiingia nao chumbani watu wanauliza umeleta nini. Na huo hakuna mtu aliyefaulu kuupanda shambani kama tunavyopanda uyoga mamama kwenye mifuko ya pumba na majani. Unaishi kwenye mizizi ya miti hai ya miombo, mti ukikatwa na ukungu wake unakufa kwa njaa. Kwetu Tabora miti inaliwa na mkaa na mabani ya kukaushia tumbaku, na watu wanahesabu kuni na magunia tu, hawahesabu kwamba pale chini ya mti palikuwa na mboga ya bure kila mwaka. Nimeenda msimu uliopita sehemu niliyokuwa naokota na bibi, nimekuta visiki na mahindi. Nilikaa chini nikalia, sioni aibu kusema.

Shangazi, naomba msaada wa kujua njia ya kupima uyoga wenye sumu. Nimesikia ukipika na kitunguu saumu kikigeuka cheusi ni sumu, wengine wanasema mchele, wengine kijiko cha fedha, wengine wanasema kama konokono au mbuzi kaula basi na mtu anaweza. Ipi ni ya kweli?

Hakuna. Hakuna hata moja, na naandika hivi kwa uzito wote. Kitunguu saumu hakijui sumu, mchele haujui, kijiko hakijui. Konokono anaguguna yule muuaji niliyemtaja na anaendelea na safari yake, sungura naye anaula bila shida, miili yao si miili yetu. Eti uyoga unaobanduka ngozi ni salama, yule muuaji anabanduka vizuri tu. Eti mbaya una ladha mbaya, waliougua na kupona wamesema ulikuwa mtamu. Kuchemsha na kumwaga maji kunasaidia kwa baadhi ya uyoga mkali unaowasha ulimi, wapo watu wa miombo wanaofanya hivyo na aina wanazozifahamu kwa jina, lakini sumu ya Amanita phalloides haitoki kwa kuchemsha, haitoki kwa kukaanga, kukausha wala kugandisha. Nusu ya uyoga mmoja inatosha kumuua mtu mzima.

Bibi yangu hakuwahi kuuliza uyoga "unalika?" Aliuliza, "huyu anaitwa nani?" Tukishindwa kumpa jina anarudishwa chini ya mti, hata kama ni mzuri kiasi gani, hata kama tenga halijajaa. Sisi watoto tulikuwa tunajua majina kama sita hivi, yeye alijua mengi zaidi, na kila jina lilikuja na mahali, na mti, na wiki yake ya msimu, na namna ya kupika. Hicho ndicho kipimo. Wapo wanasayansi walioliona hilo, yule mama wa Kifini Marja Härkönen na wenzake wa Kitanzania walizunguka vijijini kwetu miaka mingi wakiwauliza wanawake majina ya uyoga na namna ya kuupika, na baadhi ya aina walizoandika zilikuwa bado hazijapewa jina la kisayansi wakati jikoni zina jina siku zote.

Na dalili lazima mzijue, kata ukurasa huu ubandike ukutani. Kuna uyoga unaotapisha haraka, saa moja hadi tatu baada ya kula, mwingi ni ule mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia unaoota kwenye majani ya bustani na viwanja vya mpira, ukikomaa kurasa zake zinakuwa za kijani. Unatesa sana lakini mtu mzima mwenye afya kwa kawaida anapona. Ile ya kuua inachelewa. Unakula usiku, unalala vizuri, saa 6 hadi 24 baadaye ndipo tumbo linakatika, kutapika na kuharisha kama kipindupindu. Halafu siku ya pili au ya tatu mgonjwa anapata nafuu, anakaa, anaomba chai, familia inashukuru Mungu, na wakati huo huo ini linaharibika. Siku chache mbele anageuka njano na anaondoka. Kwa hiyo mtu akiharisha saa nyingi baada ya kula uyoga msisubiri nafuu, nendeni hospitali yenye maabara, wote mliokula chungu kile hata anayejisikia mzima, na bebeni mabaki, yaliyopikwa na maganda, kwenye karatasi. Mwambieni daktari saa mliyokula na saa tumbo lilipoanza, saa hizo mbili zinamsaidia kuliko maneno mengine yote. Maziwa hayafuti hiyo sumu, wala mafuta, wala majivu.

Kitu kimoja unachoweza kufanya nyumbani ni kuangalia vumbi la mbegu. Kata kofia, ilaze kifudifudi kwenye karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, funika na bakuli usiku kucha. Asubuhi utakuta picha ya zile kurasa imechorwa kwa vumbi, kama mtu kachora jua na miali yake. Rangi ya vumbi inakusaidia kutofautisha, kijani achana nao, pinki hafifu ni ya ule wa kichuguu, nyeupe ni za wengi wazuri na wabaya wakiwemo wauaji. Inasaidia kukataa, haitoshi kukubali.

Shangazi hujambo, mimi ni kijana wa Kakamega. Sisi huku uyoga wa mchwa tunauita obwoba na ukikaangwa na samli hakuna nyama inaufikia. Kwa shamba letu kuna kichuguu kimoja kinatoa kila mwaka, lakini ndugu yangu anataka kukimwagia dawa ajenge. Nilikuwa nauliza, naweza kuuhamisha huo uyoga ama kuupanda mahali pengine?

Sijambo mwanangu. Kuhamisha huwezi, na nitakueleza kwa nini, ili ukae na ndugu yako mzungumze.

Uyoga huo haujiotei wenyewe, unalimwa, na mkulima ni mchwa. Mchwa wa aina hiyo hali kuni na majani makavu moja kwa moja, anayatafuna anayatoa tena na kujenga kitu kama sega, kama sponji ya kahawia yenye mikunjo, ndani kabisa chini ya kichuguu kwenye joto na unyevu anaoulinda yeye. Juu ya sega hilo ukungu unaota, unalainisha zile kuni, na mchwa wanakula. Miaka mamilioni wanaishi hivyo. Mvua ikishalowesha ardhi vya kutosha ukungu unatuma uyoga juu, kutoka sega hadi juani, na ndiyo maana ukiuchimba taratibu kwa kijiti unakuta mkia mrefu unazama, unazama, mwingine unapita urefu wa mkono kabla haujafika. Na katikati ya kofia kuna kichongo kama ncha ya kidole, kilichotoboa udongo. Mkia huo na kichongo hicho pamoja na kichuguu chenyewe ndiyo kitambulisho chake. Wataalamu wamejaribu kuukuza bila mchwa na hadi leo hautoki kwa namna ya kufanya biashara. Kwa hiyo ndugu yako akimwaga dawa anawaua wakulima, na shamba linakwisha.

Mwambie asogeze msingi kama kiwanja kinaruhusu. Wewe andika tarehe unapotoka, maana unarudi mahali pale pale karibu wiki ile ile mvua ikifika, na uuvune ukiwa bado mwavuli haujafunguka kabisa, siku mbili tu zinatosha ukajaa funza. Tikisa udongo huko huko shambani, ziba shimo, usifukue sega.

Kwa wasomaji wengine, kuna ndugu yake mdogo, vile vyeupe vidogo kama vifungo vya shati vinavyotokea mamia kwa mamia juu ya udongo, huo hauna mkia mrefu kwa sababu mchwa wenyewe wametoa vipande vya sega nje wakavitandaza. Waganda wanauita obutiko obubaala, na ni mboga ya heshima, tena Baganda wana ukoo mzima ambao mwiko wake ni uyoga. Watu wengi mijini wanaukanyaga hivi hivi wakienda kazini. Na ndugu yake mkubwa anaota Zambia na Katanga, kofia yake inaweza kufika mita 1 upana, muuzaji barabarani anamwinua kama mwavuli.

Jambo mama. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, kwetu tunasema bowa, nimekula tangu utoto. Sasa naishi Bruxelles, na mwezi wa kumi kwenye msitu hapa naona bowa zinafanana kabisa na zile mama yangu alikuwa anatuokotea, ile yenye kikombe chini. Naweza kuokota? Naikumbuka sana.

Jambo baba. Nimekuelewa mpaka ndani, maana hamu ya chakula cha kwenu ni kitu kinauma. Lakini usiokote. Hiyo ya kwenu yenye kikombe, ya Katanga, Zambia na Tanzania, ni kweli kuna aina zinaliwa na kuuzwa barabarani, na mama yako alizijua. Huko Ulaya ndiko nyumbani kwake hasa Amanita phalloides, yule muuaji mwenye kifuko, naye anaota chini ya mialoni. Uso ule ule, jina jingine. Hata huku kwetu mimi mwenyewe zenye kikombe naokota Sikonge tu nikiwa na wenyeji, nikifika Iringa nanunua kwa mama wa Iringa.

Na si wewe peke yako umedanganywa na kumbukumbu. Canberra kule Australia, mkesha wa kuingia mwaka 2012, mpishi mmoja Mchina alipika uyoga uliookotwa huko huko akidhani ndio ule unaoliwa kwao, yeye na msaidizi wake wa jikoni wakafariki. Mpishi, mtu wa kazi hiyo kila siku. Macho yake yalikuwa sahihi kwa nchi nyingine.

Agiza mkavu kutoka nyumbani, wasafiri wa Lubumbashi hawakosekani. Na kama unapenda msitu wa huko, jiunge na kikundi cha wenyeji wanaotembea kutazama uyoga, anza upya kama mtoto, jina moja kwa msimu. Nina hakika mama yako naye alianza na moja.

Shangazi, hapa Muheza kwenye magogo yaliyooza ya miembe baada ya mvua kunatoka vitu vya kahawia vinatetemeka kama masikio ya mtu, laini kama mpira. Watoto wanachezea. Ni nini?

Ni uyoga, na ni mboga! Huo wenye umbo la sikio unaoota kwenye mti uliokufa, mwembamba, ukiubinya unarudi, jua likiwaka unakauka kama ngozi ya kiatu na mvua ikirudi unalainika tena, unaitwa Auricularia na Wachina wanaukuza kwa wingi sana na kuuza duniani kote. Tukiuona dukani kwenye pakiti tunalipa, tukiuona kwenye gogo tunapita. Hauna ladha kali, kazi yake ni kutafunika, unalia kwichi kwichi mdomoni. Osha, kata kale kasehemu kagumu kalikoshika mti, kata nyuzi nyuzi, chemsha dakika 15 hivi halafu unga na nazi, kitunguu, ndimu na pilipili mbuzi. Usiukaange kwenye mafuta ya moto ukiwa na maji, unaruka unachoma uso, yamenipata.

Ila gogo liwe mbali na barabara kubwa na mbali na mahali panapopigwa dawa ya shamba, na huo wa masikio usiuchanganye na vitu vingine vya kwenye gogo vyenye kofia na kurasa, hivyo viacheni kwanza hadi apatikane mtu wa Muheza wa kuwaambia jina.

Swali fupi Shangazi: kukata kwa kisu au kung'oa? Na kwa nini uyoga wangu unafika nyumbani umeoza?

Mara ya kwanza na mahali pageni chimbua wote, unataka kuona mwisho wake. Ukishaujua kwa jina kata, inapunguza udongo kikapuni. Na unaoza kwa sababu unabeba kwenye mfuko wa plastiki, unapumua humo, unapata joto, kufika nyumbani ni uji. Beba kwenye tenga au kikapu cha ukili, mkubwa chini mdogo juu, aina moja moja na majani katikati, na upike siku hiyo hiyo. Wa kuanika upasue katikati kwanza uangalie funza, halafu jua kali siku mbili tatu hadi ukivunja ulie kama kijiti, chupa yenye mfuniko, na karatasi ndani yenye jina lake na mahali ulipotoka.